Wiki Moja na Maji ya Kijani ya Mjomba

Jumatano

Nimeshuka Pongwe saa saba na robo mchana, miguu imekufa ganzi. Basi lilitoka Mbezi alfajiri, likavuka Wami, likasimama Mkata watu wakanywa chai, Segera likakata kulia, na kuanzia hapo dirishani ni mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka kuifuata. Muheza wakaingia vijana na machungwa yaliyokwisha kumenywa. Nimekula manne, la tano nikalitia mkobani pamoja na kipima pH cha mfukoni (kipimo cha ukali wa asidi majini), vichupa vya kupimia amonia, hadubini ya shule niliyoiazima, na kilo mbili za mchele alioniagiza mkaza mjomba kwa sababu anazozijua mwenyewe, maana Tanga mchele upo.

Sikuja kutembea. Mjomba, kaka yake mama, ana ng'ombe saba wa maziwa nyuma ya nyumba, na miaka yote maji ya kuoshea banda yamekuwa yakiteremka korongoni bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka huu jirani wa chini, mwenye kisima, amekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ndipo binamu yangu, kitinda mimba wa mjomba, aliyesomea umeme na asiyeweza kupishana na chuma chakavu akakiacha, akaamua maji hayo yasafishwe kwa mwani. Si mwani wa baharini wanaolima kina mama. Ni ule mdogo kabisa, mmojammoja hauonekani kwa macho, lakini ukijaa majini unaona kama supu ya mchicha. Akanipigia simu: "Dada, wewe si umekaa maabara ya maji miaka tisa? Njoo uniambie kama najidanganya."

Mjomba kanipokea barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja kuona tope la mdogo wako?"

"Nimekuja kuwaona nyinyi."

"Haya, tope liko nyuma."

Waja leo waondoka leo, ndivyo Tanga inavyosemwa. Mimi nimepewa chumba cha uani na ndoo yangu ya maji, kwa hiyo naona wiki hii siondoki. Jioni bada na samaki wa kukaanga. Tope nimelinusa tu, sijaliona, giza limeingia.

Alhamisi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimetoka na tochi, maana mambo ya mwani ukitaka kuyajua vizuri uyaangalie kabla jua halijatoka. Binamu kanitangulia, kasimama kando ya bwawa la samaki. Perege arobaini hivi wamekuja juu wote, midomo nje, wanameza hewa pwa, pwa, pwa, kama wazee wanaonywa kahawa ya moto.

"Kila alfajiri ndiyo hivi," akasema. "Saa tatu wanarudi chini, wazima."

Mchana mwani hutumia jua kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni, mpaka maji yanashiba na viputo vinapanda. Usiku jua hakuna, lakini mwani unaendelea kupumua kama sisi, bakteria wanapumua, na samaki wanapumua. Akiba ya mchana inaliwa hadi kukaribia kucha imebaki kidogo sana. Nikamwambia, bwawa hili likizidi kuwa kijani, siku moja tu ya mawingu mazito, hawa hawataiona saa tatu. Akakuna kichwa. Akachukua ndoo, akaanza kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, nami nikamsaidia mpaka kulipokucha.

Mtambo wenyewe una sehemu tatu. Kwanza shimo la kina cha mita 2 lililofunikwa turubai. Maji ya banda yanaingia humo na kukaa bila hewa siku kadhaa, uchafu mzito ukizama na kuoza. Kisha mfereji wa mzunguko, umbo lake kama uwanja wa mbio, mita 8 kwa 2, umetandikwa nailoni nyeusi, na kina chake ni rula ya shule: sentimita 30. Mwisho ndilo bwawa la perege. Katika mfereji kuna gurudumu la baiskeli (mji huu wa baiskeli, alikosaje) lililofungwa vipande vya madumu ya mafuta kama makasia. Linazungushwa na mota ya waipa ya gari, na mota inakula umeme wa paneli moja ya sola. Jua likizama, gurudumu linalala. Nilitaka kumwambia hiyo ni kasoro, kisha nikaona ni akili: mwani wenyewe hauna kazi usiku, umkoroge wa nini?

Umbo hilo hakulibuni yeye, ingawa mbele ya baba yake analinyamazia. Mifereji ya kina kifupi yenye gurudumu la makasia ilianzia California miaka ya 1950, kwa William Oswald wa Chuo Kikuu cha Berkeley, aliyeonyesha kwamba mwani na bakteria wakiwekwa pamoja wanafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mashine za kupuliza hewa kwa umeme mwingi. Bakteria wanakula uchafu, wanahitaji oksijeni, wanatoa kabonidayoksaidi. Mwani unataka hiyohiyo kabonidayoksaidi na kurudisha oksijeni. Ni majirani wawili wanaoazimana chumvi na kiberiti ukutani. Juu ya hayo mwani unachukua amonia na fosforasi, vitu viwili ambavyo shimo la kwanza haliviwezi, na ndivyo vinavyoharibu kisima cha jirani na korongo la chini.

Nimechukua mfuniko wa ndoo, nikaupaka rangi robo nyeupe robo nyeusi, nikaufunga kamba na kuushusha mferejini. Umepotea machoni kwa sentimita 11. Maana yake theluthi mbili za maji yale zinapata mwanga hafifu tu, na ndiyo sababu ya gurudumu: kila chembe ipate zamu yake ya jua.

Kipima pH asubuhi kilisoma 7.6. Saa tisa alasiri, 9.4. Mwani ukinyonya kabonidayoksaidi kwa fujo namna ile, maji yanapoteza ukali wote wa asidi, na hapo mengi yanatokea kwa mpigo. Vijidudu vya kinyesi vinakufa kwa jua, oksijeni na pH hiyo. Fosforasi inashikana na chokaa na kuzama. Na chokaa hapa si ya kutafuta, Pongwe yote imekaa juu ya mawe ya chokaa, ndiyo maana birika la mkaza mjomba lina ukoko mweupe unene wa kucha. Amonia nayo sehemu inageuka gesi na kuondoka. Pua inakwambia. Hiyo sihesabu kuwa imesafishwa, imehama tu kutoka majini kwenda kwenye nguo zilizoanikwa uani.

Baada ya chakula cha usiku tukakaa na karatasi na penseli, na hapo ndipo binamu yangu alipopoteza tabasamu. Mfereji wa aina hii, mambo yakienda vizuri, hutoa gramu 10 hadi 20 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuseme 15. Mita zake ni 16. Jumla gramu 240, robo kilo. Gramu 100 za mwani mkavu hubeba naitrojeni, ileile iliyomo kwenye amonia, kama gramu 8 na fosforasi gramu moja hivi. Kwa hiyo mfereji mzima, kwa siku nzima, unaweza kubeba naitrojeni isiyofika gramu 20. Ng'ombe mmoja wa maziwa peke yake hutoa zaidi ya gramu 100 kwa siku. Yeye ana saba.

Akatazama karatasi kimya.

"Kwa hiyo haifai?"

"Inafaa. Lakini kinyesi kisiingie majini kwanza. Kizolewe kikavu, kiende shambani kwenye migomba. Mwani upewe yale ya mwisho, ya kuoshea sakafu."

Mjomba, aliyekuwa anasikiliza redio huku kajifanya hasikii, akacheka mpaka akakohoa. "Yaani dawa ni koleo!"

Ijumaa

Leo hakuna kilichofanyika. Swala, kisha mjini na binamu kutafuta kipuri kipya cha mota. Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, tumekunywa kahawa na kashata, na jamaa mmoja wa duka la pembejeo, aliposikia tuna maji ya kijani nyumbani, akatoa dawa palepale: mrututu, ile chumvi ya bluu yenye shaba. Kijiko kimoja tu, kesho maji meupe.

Hakudanganya. Mrututu unaua mwani kweli, na kesho yake maji huwa meupe. Ila mwani uliokufa unazama na kuoza, na kila ulichokuwa umekibeba unakitua mumo humo, oksijeni inaliwa na kuoza huko, samaki wanafuata, na shaba inabaki kwenye tope. Tumemshukuru. Kashata zilikuwa nzuri.

Jumamosi

Bamvua. Maji yametoka mbali, saa nne asubuhi ufuo umebaki uwanja. Nimekwenda kijiji kimoja kusini mwa mji, njia ya Pangani, kwa bodaboda, kwa sababu nilitaka kuona mwani mwingine, ule mkubwa, na kuwauliza wanaouishi.

Wanawake kama kumi na tano wametawanyika kwenye maji ya magotini, khanga zimefungwa kiunoni, kofia za ukili. Vigingi vimepigwa mchangani kwa mistari, kamba zimevutwa kati yake, na vishada vya mwani vimening'inizwa kwa vikamba vya taitai. Bi mkubwa mmoja aliyenikubalia nimshikie kikapu ameanza kazi hii kabla binamu yangu hajazaliwa. Anafunga kishada, anahesabu vidole vinne, anafunga kingine, na mdomo haukomi.

"Huu spinosamu," akasema, akinipa tawi la rangi ya mkojo wa ngamia. "Mgumu. Bei yake ndogo lakini haukuachi. Kotonii ndio wenye bei, ila maji yakipata moto unaoza, unakuwa mweupe kwenye mikono, unakatika. Siku hizi maji yana moto."

"Na wiki ngapi mpaka kuvuna?"

"Sita. Ukizidisha, unaondoka na mawimbi."

Nikamweleza habari ya mjomba: mwani unakula uchafu wa majini. Sikumwambia jipya. Akanionyesha kamba zilizo karibu na mkondo unaotoka vijijini, vishada vimeota nyuzinyuzi za kijani kama ndevu za mbuzi. "Mvua ikinyesha, maji ya nchi kavu yakija na mbolea na mambo yenu mengine, haya manyoya ndiyo yanayotangulia kushiba. Yanauziba mwani wangu jua." Nyuzi zile nazo ni mwani, wa jamii nyingine, wenye haraka zaidi.

Ni kweli mwani wa baharini unachukua naitrojeni na fosforasi kutoka majini, na ukivunwa na kutolewa nje, vinatoka navyo. Nchi nyingine wanaupanda karibu na vizimba vya samaki makusudi. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejiona ana wazo zuri, kama haingewezekana kuupanda mdomoni mwa mifereji ya mji. Akaacha kufunga.

"Mwanangu, nyinyi mmwage, sisi tuingie humo magotini tuuvune, halafu tuuze watu wale?"

Sikuwa na jibu, na sidhani lipo. Mwani huu unakwenda kutengenezwa ute wa kugandisha vyakula na dawa za meno, na kuta za chembe za mwani hunasa madini mazito kama risasi na kadimiamu kwa wepisi uleule unaoufanya usifiwe kwa kusafisha. Unaosafisha hauwezi kuwa huohuo wa kuliwa, labda uwe na hakika ni nini kilichomwagwa. Kwenye banda la ng'ombe unajua. Kwenye mfereji wa mji, wenye gereji na betri na wapaka rangi, hujui.

Saa sita maji yakaanza kurudi. Amenipa kishada nikatie saladi. Mkaza mjomba amekikataa.

Jumapili

Mjomba kasema kama nataka kuona maji machafu ya kweli niache kubabaika na ng'ombe saba. Akanipeleka, kwa gari la rafiki yake, kwenye shamba moja la mkonge kati ya Muheza na Hale ambako alifanya kazi ujanani. Jumapili korona imelala, na mlinzi wa zamani, rafiki yake, akatutembeza.

Kwa wasiojua: korona ndiyo mashine ya kukwangulia majani ya mkonge. Jani linaingia nene na la kijani, linatoka limebaki nyuzi. Nyuzi hizo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Zilizobaki zote ni maji na nyama ya jani, na kuziondoa korona inasukumiwa maji mengi mno, kwa hesabu inayotajwa sana kiasi cha lita 100,000 kwa tani moja ya nyuzi. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche 1,000 aliyoagiza Florida ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yakaja mashamba ya mkoa mzima, na kutoka kwenye mashamba yakaja maji haya.

Nimechota kikombe kwenye bwawa la kwanza. Rangi ni chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, harufu kama siki iliyochanganyika na nyasi zilizooza. Kipima pH: 4.8. Juu kuna gome linaloweza kubeba kunguru, na kunguru wapo. Nilipomwambia mjomba kwamba hapa mwani haufui dafu, alishangaa, maana si nilikuja kuusifu? Lakini tazama: maji makali, meusi, jua halipiti hata kidole kimoja. Ukimwaga mwani humu unamwaga chakula cha bakteria tu. Maji ya namna hii yanatakiwa kwanza yaozeshwe bila hewa, kwenye mtambo wa gesi kama ule wa mabaki ya mkonge uliojengwa Hale miaka ya 2000, na gesi ipikiwe au izalishe umeme. Mwani ni wa kuja mwisho, kufagia.

Na hapo shambani asili imejipanga yenyewe. Bwawa la pili jeusi, linachemka viputo polepole. La tatu kahawia iliyofifia, ukingoni kuna utando wa waridi. Hao ni bakteria wa zambarau wanaokula ile harufu ya mayai viza, na ukiwaona ujue maji bado yamezidiwa. La nne, la kina kifupi, lile la mwisho kabla ya korongo, kijani kibichi kabisa, na ndege korongo weupe wawili wamesimama ndani. Mlinzi akasema hilo kila mwaka wanalisahau kulisafisha, linajaa tope, kina kinapungua, mpaka mvua kubwa ije ilimwage lote chini. Nikauliza linamwagika nini. "Hilo la kijani," akasema, "linakwenda zima zima."

Tumerudi na mvua. Vuli imeingia rasmi.

Jumatatu

Kuvuna. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo video za mtandaoni huwa zinakatika.

Chembe moja ya klorela, ndio mwani wetu huu, haifiki hata sehemu ya mia ya milimita. Uzito wake karibu sawa na wa maji, kwa hiyo haizami. Kitambaa inapita, mchanga inaziba. Binamu alijaribu kuchuja kwa kitambaa cha shuka akapata maji ya kijani chini na maji ya kijani juu. Na kila chembe ina chaji hasi nje, kwa hiyo zinasukumana, hazitaki kushikana.

Mlonge tunao uani. Mbegu zake zina protini yenye chaji chanya, na bibi zetu walikuwa wanatulizia maji ya mto kwa hizo pasipo kumwuliza mtu wa maabara. Tumemenya mbegu, tukatwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu, tukakoroga na maji kikombe kimoja, tukachuja. Ndoo ya lita 20, mbegu 20. Tukakoroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole kumi, tukaacha. Baada ya nusu saa: ukungu tu. Ndoo ya pili tukatia mbegu 40. Hapo ikaanza kama maziwa yanavyokatika, vipande vidogo, kisha vikubwa, vikishuka kwa uvivu, na juu kukabaki maji ya rangi ya chai ya mchaichai. Mjomba aliyekuwa anapita na majani ya ng'ombe akasimama, akachuchumaa, akaangalia mpaka mwisho. Hakusema kitu. Kwa mjomba hiyo ni hotuba.

Tope la chini tukalimimina kwenye khanga kuukuu. Imebaki ndani kama vijiko vitatu vya kitu kinachofanana na kisamvu kilichosagwa, na chini yake maandishi ya khanga yanasomeka: WEMA HAUOZI. Mwani unaoza. Kwa jua hili, ukiuacha rundo, jioni unanuka kuliko banda. Unatandazwa mwembamba juu ya bati, siku moja ukauke, au uende mbichi kwenye migomba. Binamu alikuwa na ndoto ya kuuza chakula cha samaki kwa gunia. Kwa lita 20 vijiko vitatu, na maji mferejini ni lita 4,500 hivi, akapiga hesabu ya mbegu za mlonge na kukaa chini.

Nimetia tone hadubinini kabla ya kulala. Klorela tele, na katikati yake vidudu viwili vitatu vinarukaruka, vina jicho moja jeusi. Viroboto maji. Nimeviandika kwenye daftari nikavipuuza.

Jumanne

Mjomba ndiye aliyetuamsha, anagonga mlango kwa furaha. "Njooni! Maji yamekuwa masafi!"

Kweli. Mfereji uliokuwa supu ya mchicha, leo unaona nailoni chini, unaona mpaka shona zake. Mjomba kashika kiuno, anamwita mkaza mjomba aje aone, anataka kumwita na jirani. Binamu ananitazama mimi usoni, na alichokiona hakikumpendeza.

Nikateka maji kwa glasi ya kunywea, nikaiinua juani. Yamejaa. Vidudu vya rangi ya kutu, ukubwa wa punje ya ulezi, vinapanda na kushuka, mamia ndani ya glasi moja. Viroboto maji wamezaana kwa kasi wakati jua lilipofichwa na mvua, na mwani wote wameula. Nikatia matone ya amonia kwenye kichupa. Alhamisi alasiri rangi ilikuwa njano yenye ukijani kwa mbali. Leo, kijani cha majani ya mgomba, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo amonia ilivyo nyingi.

"Mjomba, haya ni machafu kuliko ya jana."

"Machafu vipi na naona chini?"

Ilinichukua muda, na sijui kama nilifaulu. Uchafu wa mjomba unaonekana: kinyesi, tope, ukijani. Amonia haionekani. Jana ilikuwa imefungwa ndani ya mwani, na mwani unaonekana, kwa hiyo maji yakaonekana mabaya. Kiroboto amekula mwani, kajenga mwili kidogo, na kilichobaki amekitoa majini kama anavyotoa ng'ombe. Na oksijeni ya mchana haipo tena, kwani aliyekuwa anaitengeneza kaliwa. Maji haya yakifunguliwa kwa perege leo, na pH ikipanda, amonia ni sumu tupu kwao.

Tumefunga bomba la kwenda bwawani. Binamu akawa anazunguka mfereji, kisha akasimama. "Dada. Hawa wanashikika."

Mwani tumehangaika nao jana kwa kinu na mbegu 60. Hawa, kwa ukubwa wao, hata kichujio cha tui kinawabakiza. Akaingia jikoni, akatoka nacho, sikuuliza kwa idhini ya nani. Tukakifunga kwenye waya wa duara na kuukokota mferejini raundi baada ya raundi, kutoka saa mbili mpaka saa sita. Tukapata ndoo ndogo nzima ya uji wa rangi ya kutu. Ngumi moja ya kwanza ilipoanguka kwenye bwawa la perege, maji yalichemka. Sijaona samaki wakila namna ile. Mmoja aliruka akaanguka kwenye majani, binamu akamrudisha kwa mguu.

Kwa hiyo naitrojeni ya ng'ombe ikapita kwenye mwani, ikapita kwa kiroboto, na sasa iko kwenye perege, na perege anatoka majini kwa ndoano. Hilo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Lakini mfereji mmoja hauwezi kulima mwani na kufuga viroboto kwa pamoja, wakubwa watawamaliza wadogo kila mara. Jioni wameanza kuchimba wa pili. Wa kwanza wameumwaga wote kwenye migomba, wakausugua, na kesho utatiwa mbegu mpya ya mwani kutoka kwenye pipa ambalo binamu, kwa bahati au kwa woga, alilifunika na kuliweka kando tangu mwanzo.

Kuanzia leo asubuhi kinyesi kinazolewa kabla ya kuosha. Mjomba anazoa mwenyewe, analalamika kila koleo.

Jumatano

Basi la saa mbili. Machungwa mfuko mzima, magoti yamebanwa. Hakuna cha kuandika.

Jumamosi, nyumbani

Ujumbe wa binamu, saa moja jioni: "Maji yamerudi kijani. Kichupa ni njano. Perege leo hawakupanda juu. Baba bado anapita upande wa pili wa banda ili asiyaone. Mama anauliza kichujio kingine cha tui utamletea lini, na mara hii hataki mchele."